Mbebaji wa Sita

Padri alikuwa hajafika, na mwili wa Rosaire Gamache ulikuwa bado kitandani, wakati gavana alipopiga simu kutoa pole.

Lorette aliipokea jikoni, gauni la kulalia likiwa bado mwilini. Sauti nzito ya kiume ilimwambia kwamba nchi imepoteza nguzo. Akauliza anaongea na nani.

"Brock Tillery, mama. Gavana Brock Tillery."

Akataja na jimbo lake, la kusini huko ambako koleo la theluji hushikwa kwa ajili ya picha tu. Akasema hana la kusema, kisha akasema kwa kirefu. Lorette alingoja mpaka alipovuta pumzi.

"Umejuaje? Daktari ametoka hapa sasa hivi."

Gavana akasafisha koo. "Habari mbaya ina mbio, mama yangu. Kama kuna lolote, lolote kabisa, ambalo mimi na mke wangu tunaweza kuwafanyia..."

"Mtuombee," Lorette akasema, akakata simu.

Fernande, dada wa marehemu, alikuwa amekaa mezani mbele ya kikombe cha kahawa kilichokwisha kupoa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini ulimi wake haukuwa umefiwa.

"Nani huyo, wifi?"

"Gavana."

"Yule wa meno?"

"Huyo huyo."

"Kufa kufaana," Fernande akasema. "Subiri, na wengine wanakuja. Inzi hatumiwi mwaliko."

Ni kweli walikuja. Kabla ya chakula cha mchana alipiga Seneta Corinne Ashdown, ambaye alilia kidogo kwenye simu, akaomba radhi kwa kulia, kisha akauliza kama familia ingependa alisimulie gazeti jinsi alivyolia. Alasiri likaja gari la maua kutoka kwa Wendell Stroud, tajiri mwenye ndevu aliyepata mali yake kwa kuuza magodoro. Maua yalikuwa mengi hata ikabidi mengine yakae nje kwenye theluji, na utepe wake ulikuwa na jina la Stroud kwa herufi za dhahabu. Jina la Rosaire halikuwamo.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mgombea urais. Ulikuwa umebaki mwaka mzima kabla ya kura za mchujo, na kila ukiwauliza walijibu kwamba bado wanatafakari pamoja na familia zao. Walikuwa wakitafakari kwa mabasi yaliyochorwa nyuso zao. Na kila mwenye kutafakari namna hiyo lazima aje kwanza New Hampshire, maana huku ndiko mchujo unakoanzia, na watu wa huku wamezoea vibaya: mtu hampi kura mgombea ambaye hajamshika mkono, akala naye, akamwuliza swali la pili baada ya la kwanza. Fernande alikuwa na majirani waliokataa kumpigia kura mtu fulani kwa sababu walikutana naye mara mbili tu.

Kwa zaidi ya miaka thelathini, waliokuja kaskazini walipita kwenye jiko la Rosaire, fundi wa matanuri ya kupasha nyumba joto. Gazeti moja la Boston liliwahi kuandika kwamba hakuna awezaye kuwa rais bila kuketi kwenye meza ile. Mji mzima ulijua kuwa ukweli ni kinyume chake. Kila aliyebarikiwa na Rosaire alianguka. Wengine walianguka kwenye mchujo, wengine mwisho kabisa, na mmoja alianguka jukwaani akavunjika mguu hata kura hazijapigwa. Rosaire mwenyewe alikuwa akicheka: "Mimi ndiye bundi wao, lakini bundi mwenye kahawa nzuri." Gazeti halikuwahi kusahihisha, na wagombea husoma magazeti, hawasomi matokeo.

&nbsp;

Nyumba ya kuagia maiti ya Bwana Ouellette ilijaa jioni ya siku ya pili. Watu walipanga foleni tangu mlangoni, wakikung'uta theluji mabegani, wakipita mbele ya jeneza na kumpa Lorette mkono. Mafundi walimwambia maneno mafupi. "Alinitengenezea tanuri usiku wa Krismasi." "Hakuniambia bei mpaka Pasaka." Lorette alishukuru kila mmoja, na kila mmoja alimpunguzia kitu kizito kifuani.

Kisha wakaingia wale wanaotafakari, kila mmoja na watu wake, na foleni ikaacha kuwa foleni.

Fernande alijipenyeza akasimama nyuma ya wifi yake, akawa anamnong'oneza kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Seneta huyo. Tazama anavyoinamisha kichwa. Amekiinamisha upande ulio na kamera."

"Fernande, uko msibani."

"Najua niko wapi, ndugu yangu ndiye amelala pale. Mwangalie na huyu wa godoro, anapima ukumbi kwa macho. Atauliza bei."

"Nyamaza basi."

"Na wa meno. Mama wee! Anatabasamu mpaka kwa maiti."

Lorette alibana midomo, maana kicheko kilimjia, na hakujua kama mjane anaruhusiwa. Aligeuza uso amtafute mwanawe. Denis, mwenye miaka arobaini na mmoja, alikuwa kando ya mlango akizungumza na Coyle, msaidizi wa gavana, mtu mwenye simu mbili ambaye alikuwa akiangalia moja huku akiongea kwenye nyingine. Coyle alimpiga Denis begani. Denis akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Baadaye kidogo Denis alimvuta mama yake kwenye chumba cha kutundika makoti. Wakasimama katikati ya manyoya na sufu iliyolowa.

"Mama, nisikilize kwanza, usinikatize."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo hivyo. Ukinyamaza ndipo unaponikatiza."

Lorette akangoja.

"Nafasi yangu nimempa Gavana."

"Nafasi gani?"

"Ya kesho. Kwenye jeneza."

Wabebaji walikuwa sita: mafundi wanne waliofanya kazi na Rosaire, mpwa wake mmoja, na Denis, mbele upande wa kulia, penye kichwa. Bwana Ouellette ndiye aliyewapanga kwa kimo. Lorette alimtazama mwanawe kana kwamba ameongea lugha ya watu wengine.

"Coyle ananipa kazi," Denis akaendelea, sasa kwa haraka. "Mratibu wa kampeni kaskazini yote. Mshahara wa kila mwezi, na bima ya afya, Mama, ya mimi, ya Shelly na ya watoto. Tangu kiwanda cha karatasi kifungwe sijawahi kuahidiwa kitu chenye bima. Unajua dawa ya pumu ya Noëlla inauzwaje."

"Ndiyo maana gavana alijua mapema," Lorette akasema polepole. "Wewe ndiye uliyempigia."

Denis akageukia makoti.

"Baba yako alikuwa bado na joto."

"Baba amekufa, Mama. Watoto wangu hawajafa."

Nje ya chumba mtu alicheka kwa sauti, kisha akakumbuka alipo. Lorette alishika mkono wa koti la mtu asiyemjua ili apate pa kushikilia.

"Ni hatua chache tu," Denis akasema. "Kutoka mlango wa kanisa mpaka kwenye gari."

"Kama ni hatua chache, yeye anazitakia nini?"

&nbsp;

Siri yenye kamera haikai. Kabla watu hawajamaliza kuaga, wasaidizi wawili wa kike wa Seneta Ashdown walikuwa wamembana Bwana Ouellette penye masanduku ya kuhifadhia majivu ya maiti wakidai usawa. Watu wa Stroud nao waliuliza kama jeneza linaweza kubebwa na wanane. Ouellette, mtu mpole ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kugombezwa na mteja, kwa kuwa wateja wake hawakuwa na uwezo huo, alimfuata Lorette akitoka jasho.

"Bi Lorette, nakuomba. Wanataka kunipasua. Nani anabeba?"

"Waambie waje nyumbani," Lorette akasema. "Jikoni. Wote watatu, na wewe uje. Rosaire alikuwa akiwapima pale, na mimi nitawapima pale pale."

Wakaja. Nyumbani kwa Gamache, kama kwa kila mtu wa mji ule majira ya baridi, viatu huachwa mlangoni. Seneta alivua bila kuambiwa, akabaki na soksi za kijivu. Stroud alivua, soksi yake moja ikiwa na tundu, akalitazama tundu lile kwa mshangao wa mtu asiyefua nguo zake. Gavana Tillery alisimama kwenye mkeka.

"Mheshimiwa, viatu," Fernande akasema.

"Gavana ana tatizo la mguu," Coyle akadakia.

"Sote tuna matatizo ya miguu, baba. Vua."

Gavana akatabasamu, akainama, akavua. Alipoinuka, alikuwa ameshuka kwa upana wa vidole vinne. Suruali yake ilijikunja sakafuni kama ya kurithi. Fernande alivitazama vile viatu, akavitazama kwa ndani, penye soli nene iliyofichwa, halafu akavipanga vizuri ukutani kwa heshima kubwa mno.

Wakakaa mezani. Lorette aliwamiminia kahawa na kuwakatia keki waliyoletewa na majirani. Denis alisimama karibu na jiko, hakuna aliyempa kiti.

"Nina swali moja," Lorette akasema. "Kila mmoja wenu anataka kumbeba mume wangu. Niambieni alikuwa mtu gani."

Seneta akaanza, mkono kifuani. "Nakumbuka jioni niliyokuja hapa mara ya kwanza. Alinipikia maharage, yale ya kuokwa, yenye sukari ya utomvu wa mti. Akaniambia, 'Corinne, bibi yangu ndiye aliyenifundisha.' Sijala maharage kama yale tena."

"Rosaire alikuwa hali maharage," Lorette akasema.

"Samahani?"

"Yalimkoroga tumbo. Tangu namjua hakuyatia mdomoni."

Seneta akageuka kumtazama mmoja wa wale wasaidizi wake mlangoni. Mwanamke yule akaangalia dari.

"Basi labda ilikuwa mjini Dover," Seneta akasema kwa sauti ndogo.

"Labda. Dover wanakula maharage."

Stroud alikohoa. "Mimi sitawadanganya. Sikumjua. Watu wangu wameniambia nije. Kwenye kura za maoni nina asilimia nne, na wazee hawanipendi. Nikionekana nimebeba jeneza, nitaonekana binadamu."

"Angalau huyu anaiba mchana," Fernande akasema.

Stroud akatiwa moyo na sifa hiyo. "Na niko tayari kulipia jiwe la kaburi. La marumaru."

"Jina la nani litakuwa kubwa," Fernande akamwuliza, "lake au lako?"

Tajiri akafikiri, tena kwa dhati. "Hilo tunaweza kuzungumza."

Ikawa zamu ya gavana. Hakushika kifua. Alizungumza taratibu, akiyatazama mabomba yaliyopita darini.

"Rosaire alikuwa mtu wa kazi, mama. Alishika spana ili wengine walale na joto. Hakuwa mtu wa makuu." Akanyanyuka, akaenda kumwekea Denis mkono begani, na kwa kuwa hakuwa na viatu ilibidi aunyooshe juu. "Na amemlea mtu wa kazi. Kijana huyu ameweka familia yake mbele. Baba yake angejivunia sana uamuzi wake wa leo."

Lorette aliona shingo ya mwanawe ikipanda wekundu kutoka kwenye ukosi. Maneno ya gavana hayakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililomchefua. Yalikuwa kama godoro la Stroud, kila mtu angelala juu yake.

"Ouellette," Lorette akasema, "wewe unasemaje?"

"Mimi nasema kimo tu, Bi Lorette. Wa mbele kulia lazima alingane na wa mbele kushoto, naye ni Bwana Gosselin, ambaye ni mrefu. Wakipishana, jeneza linaegemea." Akatoa tepu yake mfukoni, kwa aibu, kama anatoa silaha mbele ya watoto. "Mkiniruhusu."

Ndipo watu watatu waliokuwa wakitafakari kuiongoza nchi wakasimama mmoja mmoja na migongo yao kwenye mlango wa stoo, visigino vimebana, huku Fernande akiwawekea kitabu cha nyimbo za kanisa utosini ili tepu isome sawa. Seneta alifika. Stroud alifika na kuzidi. Gavana alipungua.

"Nafasi si yangu kuitoa," Lorette akasema. "Ni ya Denis. Aseme yeye."

Wote wakamgeukia. Coyle aliacha kutazama simu zake, zote mbili. Denis alikuwa ameshika ukingo wa jiko kwa nyuma. Alitazama mlangoni, pale viatu vilipopangwa, akasema bila kuinua macho:

"Akivaa viatu anafika."

Kisha gavana akasema, "Asante, ndugu yangu," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshukuru kweli.

Walipoondoka wote, Fernande alikusanya vikombe kwa kelele.

"Wifi, kwa nini umemwachia? Ungesema hapana, basi."

"Ningemnyang'anya, nimpe nini badala yake?" Lorette akamjibu. "Una bima ya kumpa wewe?"

Fernande alifungua bomba la maji, akaanza kuosha. Lorette alichukua kitambaa, akavifuta vikombe kimoja kimoja, akavirudisha kabatini. Cha gavana kilikuwa kimejaa. Hakuwa ameonja.

&nbsp;

Siku ya maziko kulikucha baridi kavu, ya kugandisha ndevu. Waandishi walikuwa wameshapanga kamera zao chini ya ngazi za kanisa, wakikanyaga-kanyaga ili miguu isife ganzi. Ndani, padri alizungumza vizuri na kwa ufupi, kwa kuwa Rosaire aliwahi kumwambia kwamba tanuri la kanisa halina nguvu ya mahubiri marefu.

Misa ilipokwisha, wabebaji wakakusanyika penye mlango mkubwa. Gavana alivaa koti refu la sufu laini, la rangi ya ngamia. Coyle alimtazama toka juu hadi chini.

"Vua hilo. Linaonekana la bei."

Gavana akalivua. Akageuka kutafuta pa kuliweka, akamwona Denis.

"Nishikie, ndugu yangu."

Denis akalipokea. Coyle akamwonyesha pa kusimama, kando ya ngazi, nje ya picha. Lorette, aliyekuwa nyuma ya jeneza ameshikwa mkono na Fernande, alimwona mwanawe akishuka peke yake, koti la mtu mwingine limelala mikononi mwake kama mtoto, akasimama kati ya waandishi. Mmoja wao alimwomba asogee, anazuia. Akasogea.

"Mungu wangu," Fernande akasema, na mara hii hakuongeza kitu.

Jeneza likainuliwa. Gosselin upande huu, gavana upande ule, na viatu vyake vikatimiza kazi yake: lilikaa sawa. Wakaanza kushuka. Kamera zililia kama nzige. Gavana aliukaza uso wake, na ni haki kusema kwamba ulikuwa uso mzuri wa msiba, na kwamba alikuwa akibeba kweli, mishipa ya shingo imemtoka.

Kwenye ngazi ya mwisho alisimama mzee Alcide Arsenault. Alikaribia miaka tisini, masikio yake yalikwisha kufa, na ndiye aliyemfundisha Rosaire kuunga bomba. Alikuwa amevua glavu. Jeneza lilipomkaribia, aliunyoosha mkono wake mtupu ili aguse ubao.

Gavana akauona mkono.

Hakufikiri. Mtu aliyeshika mikono ya watu maelfu kwa maelfu haulizi mkono umenyooshewa nani. Akaachia kishikio, akaudaka mkono wa Alcide kabla haujafika kwenye jeneza, akautikisa kwa nguvu, na mkono wake wa pili ukamshika mzee kiwiko, kama wanasiasa wanavyofundishwa.

"Brock Tillery! Nimefurahi sana kukuona!"

Pembe ya mbele ikashuka. Gosselin akapiga kelele, mpwa akateleza goti likagonga ngazi, na jeneza likalalia kwenye uzio wa chuma kwa mlio ambao Lorette aliusikia kwenye meno yake. Watu wakaguta. Kwa kitambo kidogo Rosaire alikuwa akienda chini kwa kichwa.

Koti lilianguka. Lorette alikumbuka hilo siku zote, kwamba aliliona koti kwanza, likijikunjua kwenye theluji chafu, kabla hajaona aliyeliangusha. Denis alikuwa ameshafika chini ya pembe. Aliipokea kwa bega, kisha kwa mikono miwili, vidole vyake vikabanwa kati ya ubao na uzio. Akakunja uso, akasukuma, jeneza likanyanyuka.

"Nimemshika," akasema. "Gosselin, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Twendeni."

"Denis!" Coyle alikuwa anakuja mbio, simu zimemjaa mikononi. "Denis, mpishe Gavana! Mpishe, bado hajamaliza!"

Denis hakumtazama. Alibadilisha mkono kwenye kishikio, akaanza kwenda, na wale watano wakaenda naye.

Gavana alibaki palepale, bado ameushika mkono wa Alcide, maana alikuwa mtu asiyejua kuuachia kabla ya mwenzake. Mzee alimtazama toka juu hadi chini kwa subira ya viziwi.

"Wewe ndiye wa kufungua mlango wa gari?" akamwuliza. "Basi nenda kaufungue, wanakuja."

Waombolezaji walishuka ngazi. Wa mwanzo walilizunguka lile koti. Waliofuata hawakulizunguka.

&nbsp;

Huku juu ardhi haichimbiki majira ya baridi. Waliokufa kabla ya theluji kuyeyuka huwekwa kwenye nyumba ya mawe mwisho wa makaburi, wakingoja mwezi wa tano pamoja na wenzao. Kwa hiyo walipofika hapakuwa na shimo wala udongo wa kutupia, kulikuwa na mlango wa chuma na Gaétan, mlinzi wa makaburi, aliyekuwa akipuliza ufunguo kwa pumzi yake ili usigande kwenye kufuli. Waandishi hawakufika. Walipoambiwa hakuna kaburi, walirudi hotelini kupiga kura ya maoni kuhusu tukio.

Wabebaji waliingiza jeneza, wakaliweka kwenye rafu, wakatoka. Simu ya Denis ililia. Akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Coyle?" Lorette akamwuliza.

"Anasema wamebadilisha mipango ya kaskazini."

"Na bima?"

"Bima ilikuwa kwenye mipango ya kaskazini."

Fernande alikuwa na simu yake, ameiweka mbali na macho kama wafanyavyo watu wasiokubali miwani. "Picha imeshatoka," akasema. "Sikilizeni: 'Gavana Tillery amfariji mkongwe aliyelemewa na majonzi.' Jeneza wamelikata. Na chini hapa wanasema huenda akatangaza rasmi mwezi ujao." Akaizima. "Alcide kalemewa! Alcide ndiye aliyemtuma akafungue mlango!"

Gosselin alicheka wa kwanza, kisha mpwa, akishika goti lake. Hata Lorette alicheka, na hakujiuliza kama mjane anaruhusiwa. Denis hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yake. Ngozi ya vidole viwili ilikuwa imechubuka, na damu ilikuwa imeshaganda kwa baridi.

Gaétan alifunga mlango wa chuma, akautikisa kuhakikisha.

"Mwezi wa tano ardhi ikilegea nitawapigia," akasema. "Sehemu ya akina Gamache iko juu kule, na kwa tope gari halipandi. Ni mikono tu. Niwategemee wangapi? Semeni kweli, maana mwaka jana familia moja waliniambia sita, wakaja wawili na mbwa."

"Sita," Denis akasema.

"Na yule mheshimiwa mkiwa mmemhesabu?"

"Hayumo."

Gaétan akaondoka na ufunguo wake. Watu wakaanza kurudi kwenye magari, wakiinamisha vichwa kuukwepa upepo. Denis alibaki nyuma na mama yake.

"Umekasirika, Mama?"

"Kwa lipi?"

"Kwa yote. Kwa kazi. Nilimuuza, halafu na bei yenyewe sikuipata."

Lorette alivua glavu zake, akaukamata mkono wa mwanawe uliochubuka, akauingiza katika moja ya glavu zile. Haikumtosha, ilifika kwenye vifundo tu.

"Nitakasirika kesho," akasema. "Leo umembeba baba yako."